UZI: Mandhari ya kompyuta yenye maji, nyasi na mawe yanayoonekana ya kweli. Tuanze na majabali ya Mwanza

FundiMandhari (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda.

Kuna maswali yanajirudia sana humu kuhusu kurenda mandhari, yaani kuifanya kompyuta igeuze maumbo ya 3D kuwa picha. Mawe yangu yanaonekana ya plastiki. Maji yangu mazito. Nyasi zangu zimepangana mno. Na majibu ni yale yale: pakua programu fulani, nunua kadi ya michoro kubwa zaidi.

Mimi kazi yangu ni kuonyesha majengo kabla hayajajengwa, hasa hoteli na nyumba za kando ya ziwa, na kwa hilo siko upande wa majibu hayo. Programu yoyote ya leo inaweza. Kinachoua picha si jiwe wala maji. Picha inafia pale jiwe linapoingia majini na pale nyasi zinapoishia kwenye jiwe. Mtu anakaa wiki nzima akichonga jiwe, halafu analitumbukiza kwenye maji kwa dakika moja, anabonyeza renda, kisha anashangaa.

Nitatumia Mwanza kwa sababu vyote vitatu vipo sehemu moja, na picha za Jiwe la Bismarck, yale majabali yaliyobebana ziwani, zimejaa mtandaoni, kwa hiyo hata aliyeko Mtwara ana kielelezo cha kulinganisha. Programu ni Blender, ya bure, msimbo wake uko wazi tangu 2002.

Tuanze na MAWE.

Wengi wanachukua tufe, wanalipiga noizi (mabonde na vinundu vya nasibu vinavyotengenezwa na kompyuta), wanaliita jiwe. Noizi yenyewe haina ubaya. Ken Perlin aliibuni mwaka 1983, na leo karibu kila programu ya picha inayo ndani yake. Shida ni kwamba noizi haijui jiolojia. Majabali ya Mwanza ni granaiti iliyopasuka ikiwa bado chini ya ardhi. Nyufa zilikatana wima na mlalo, mwamba ukabaki vipande vya boksi boksi. Maji yakapenya kwenye nyufa na kuanza kuuozesha. Sasa fikiria boksi lililozungukwa na maji: uso unashambuliwa kutoka upande mmoja, ukingo kutoka pande mbili, pembe kutoka pande tatu. Pembe zikaliwa kwanza. Baadaye mvua ikasomba ule udongo uliooza, vikabaki viini vya mviringo vimebebana, ndiyo hayo mnayoyaona.

Kwa hiyo usianze na tufe, anza na boksi. Likate kwa nyufa chache zisizolingana. Pembe zizungushe kwa nguvu, kingo kwa kiasi, nyuso ziache karibu bapa. Noizi iingie mwisho, tena kidogo. Ukifanya hivyo, ufa wa jiwe la juu utaendelea kwenye jiwe la chini, na mtazamaji ataamini kwamba mawe yale yalikuwa kitu kimoja hata kama hajui kwa nini anaamini.

Matirio ya jiwe, yaani rangi na mng'ao wa uso wake: angalia ukubwa wa chembe. Chembe za granaiti ni za milimita chache, pengine sentimita. Ukiivuta teksha (picha inayobandikwa juu ya umbo) hadi chembe ziwe kubwa kuliko ngumi, jabali lako linageuka kokoto iliyopigwa picha kwa karibu, na hakuna mwanga utakaoliokoa. Weka michirizi myeusi inayoshuka pale maji ya mvua yanapopita, kwa sababu vijidudu vya jamii ya mwani vinaishi kwenye njia hizo. Na kwenye mawe yaliyo majini weka weupe wa kinyesi cha mnandi juu, si pande zote.

Maji yanafuata, nimalize chai.

Kokoto

Naweka kambi hapa. Uzi wa maana.

mzee_wa_renda

Tupia picha mkuu, maneno matupu hayavunji mawe.

FundiMandhari

Kazi za wateja siwezi kuzitupia hadi waruhusu. Fungua picha halisi za Mwanza upande mmoja wa skrini, Blender upande wa pili, utaona ninachosema.

Mchimbachumvi

Nimesomea jiolojia, naomba niongeze mawili.

Kwanza, maganda. Granaiti ikishaondolewa mzigo wa mwamba uliokuwa juu yake inatanuka, na inabanduka tabaka zilizopinda kufuata umbo la jabali. Chini ya jabali kubwa kuna vibao vilivyopinda vimeanguka. Kwenye renda za watu sivioni, jabali limekaa kwenye nyasi safi tupu.

Pili, rangi. Ngozi ya nje imechakaa, kijivu cha kahawia. Ndani pana rangi nyingine kabisa, angavu zaidi, wakati mwingine ya waridi. Pale ganda lilipobanduka karibuni doa linang'aa. Madoa mawili matatu ya hivyo yanatosha, usigeuze jabali chui.

FundiMandhari

Mchimbachumvi ningekupa like mbili kama ingewezekana. Hivyo vibao ndivyo vinavyofunga ule mpaka wa jiwe na nyasi.

MAJI.

Kwanza futa rangi ya bluu. Maji usiyapake rangi. Yape kipimo cha kupindisha mwanga, kile kimeandikwa IOR, weka 1.333, na uwazi kamili, halafu rangi itokane na vitu viwili: anga inayoakisiwa juu, na mwanga unaomezwa ndani. Maji humeza wekundu kwanza, ndiyo maana kina kinapoongezeka picha inaelekea kijani na bluu. Ziwa Victoria lina mwani mwingi, kwa hiyo kwenye ujazo wa maji sogeza rangi kuelekea kijani cha mzeituni na punguza umbali wa kuona ndani. Ukilifanya samawati la Zanzibar, mtu wa Mwanza atacheka.

Pili, pembe ya kutazama. Ukisimama juu ya jiwe ukaangalia chini moja kwa moja, maji yanaakisi asilimia 2 tu ya mwanga, kwa hiyo unaona mawe yaliyozama. Ukiyatazama kwa kuinama, digrii 80 kutoka wima, yanaakisi kama asilimia 39. Karibu na upeo unaona mbingu tupu. Kanuni hiyo ni ya Fresnel, yule Mfaransa wa lenzi za minara ya taa, na Blender inaihesabu yenyewe mradi hujaichezea. Maana yake kwa mchoraji ni hii: kamera ikiwa chini sana, usipoteze siku kutengeneza sakafu ya ziwa, haitaonekana. Kamera ikiwa juu, sakafu ndiyo picha.

Tatu, mawimbi. Kifaa cha bahari kilichomo Blender kinatokana na hesabu za Jerry Tessendorf, na kimelenga bahari iliyo wazi. Ghuba ya Mwanza ni nyembamba, upepo hauna nafasi ya kukusanya wimbi kubwa. Shusha ukubwa wa mawimbi hadi uone unakosea, kisha shusha tena. Jicho linapima ukubwa wa kila kitu kwa kutumia wimbi. Mawimbi ya bahari kuu yakizunguka jabali, jabali linakuwa ama kisiwa ama mchezo wa mtoto. Wapiga picha za sinema wanalijua hili tangu enzi za meli za mfano kwenye matangi: tone la maji halikubali kupunguzwa.

Na kwenye umbo lenyewe, maji yapenye chini ya ardhi. Usiache upenyo wa hewa kati ya uso wa chini wa maji na sakafu, unazaa mstari mweupe unaosumbua.

Kokoto

Mkuu mimi nikiweka maji ya kweli, sakafu inakuwa nyeusi tii. Jua halipiti.

nodi_za_usiku

Hiyo ni Cycles, injini ya kurenda ya Blender, mwanga wa jua unapata shida kupita kwenye kioo au maji hadi chini. Dawa ya mjini: kwenye nodi (visanduku vinavyounganishwa kutengeneza matirio), chukua Light Path, toka Is Shadow Ray, ichanganye na Transparent BSDF. Kivuli cha maji kinaondoka, sakafu inapata jua. Si fizikia kamili lakini hakuna atakayekushtaki.

FundiMandhari

Hiyo hiyo.

Sasa nakuja kwenye sehemu niliyofungulia uzi, MPAKA WA JIWE NA MAJI.

Jiwe lililolowa ni jeusi kuliko kavu. Maji yanajaza vitundu vya uso, mwanga ukiingia unarushwa ndani kwa ndani mara nyingi kabla haujatoka, kila mara unamezwa kidogo. Papo hapo uso unakuwa laini, kwa hiyo unang'aa. Mabadiliko mawili, giza na mng'ao, lazima yaende pamoja. Wengi wanafanya giza tu, matokeo yake jiwe linaonekana limepakwa rangi.

Ninavyofanya: nachukua kimo cha kila sehemu ya jiwe, yaani Z ya Position, naipima kutoka usawa wa maji. Kutoka chini hadi sentimita 20 au 30 juu ya maji ni ukanda wa kulowa. Rangi naizidisha kwa 0.5, Roughness (ukwaru wa uso) naishusha kutoka 0.8 hadi 0.2. Halafu ukingo wa juu wa ukanda nauvuruga kwa noizi, na upande unaopigwa na upepo naupandisha zaidi, kwa sababu huko ndiko maji yanakorukia. Mstari ulionyooka kuzunguka jiwe zima ni kosa linaloonekana hata kwenye picha ya simu.

Juu ya huo ukanda kuna historia. Ziwa Victoria halina kujaa na kupwa kwa kuonekana, ila usawa wake unapanda na kushuka kwa miezi na miaka. Mwaka 2020 ulipanda hadi maji yakaingia kwenye nyumba za watu kandokando ya ziwa. Kila usawa uliokaa muda mrefu unaacha alama: chini ukijani wa mwani, juu yake rangi iliyopauka, juu zaidi ngozi ya kawaida ya jiwe. Kanda tatu, zikiingiliana kwa fujo. Ukiziweka, jiwe linaonekana limekaa pale kabla yako.

Mwisho, takataka. Kwenye kona ambayo upepo unasukuma maji kuna povu jembamba, vijiti, na magugumaji. Shada dogo la magugumaji lililokwama kati ya mawe mawili linafanya kazi kuliko teksha ya gharama.

binti_Unguja

Ahsante kaka. Sasa sie wa visiwani je? Mawe yetu si ya duara. Ni mwamba wa matumbawe, juu una ncha kali, chini umetafunwa. Nimejaribu boksi lako, linatoa kitu cha bara.

FundiMandhari

Dada, kwenu anza na ukuta, si boksi. Kisha utafune kwa chini, kwenye usawa ambao bahari inaufikia kila siku. Wakati wa bamvua maji yenu yanapanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo ukanda wako wa kulowa haupimwi kwa sentimita, ni ukuta mzima. Amua kwanza ni saa ngapi kwenye picha: maji yamejaa au yamekupwa? Yakiwa yamekupwa, chini kabisa weka chaza waliogandamana na mwani, katikati lile tumbo lililotafunwa, tena liwe na giza na unyevu, na juu kabisa ncha kavu zenye kijivu. Maji mafu yanakupa ukanda mwembamba zaidi.

Maji yenyewe kwenu ni rahisi kuliko yetu. Mchanga mweupe unarudisha mwanga, maji safi yanameza wekundu, samawati inakuja yenyewe. Usiiongezee.

binti_Unguja

Hilo la saa ngapi sikuwahi kulifikiria. Nakwenda kupiga picha maji yakipwa.

mzee_wa_renda

Jamani mbona mnajitesa. Siku hizi unaandika sentensi moja tu, AI inakutolea ziwa, mawe, nyasi na jua la jioni juu.

FundiMandhari

Kwa picha moja ya kupendeza, sawa kabisa, sibishani. Mimi mteja ananipa kiwanja chenye mawe yake saba, anataka kuona chumba namba 4 kinatazama jiwe gani. Kisha anasema zungusha kamera. AI ikizungusha, mawe yanahama. Mhandisi hawezi kuchimba msingi kwenye jiwe linalohama.

nodi_za_usiku

Mimi nachanganya. Mawe na jengo Blender, anga AI. Mteja hajalalamika.

mzee_wa_renda

Mtakuja kukubali. Tuombe uzima.

FundiMandhari

NYASI, kwa kifupi, maana hapa kanuni ni chache.

Usitawanye nyasi kwa usawa. Jiulize maji ya mvua yanaenda wapi. Jabali la granaiti halinywi maji, yanateleza yote hadi chini, kwa hiyo nyasi za mguuni pa jabali ni ndefu na za kijani kuliko za mita tatu mbele. Kwenye nyufa zenye udongo zinaota. Kwenye mteremko mkali hazioti. Pale mbuzi na watu wanapopita pana njia ya udongo. Hizo kanuni nne unazijenga kwenye Jiometri Nodi (nodi za Blender za kutengeneza na kutawanya maumbo kwa kanuni) kwa kutumia mteremko na umbali kutoka kwenye jiwe.

Rangi: karibu kila anayeanza anaweka kijani kikali mno. Sogeza kuelekea njano, punguza ukali, na changanya majani makavu chini ya mabichi. Kati ya Juni na Septemba Mwanza ni kavu, nyasi nyingi ni za rangi ya majani makavu, kwa hiyo kama mteja anataka kijani, picha yako ni ya masika, na anga liwe la masika pia, lenye mawingu mazito.

Acha mwanga upite ndani ya jani. Jua likiwa nyuma ya nyasi, jani linawaka njano-kijani. Bila hilo nyasi ni vipande vya karatasi. Na usirende saa sita mchana: Mwanza iko kama digrii 2.5 kusini ya ikweta, jua linakuwa karibu utosini, vivuli vinajificha. Saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na mbili jioni. Kumbuka huku jua linazama karibu wima, ule mwanga wa dhahabu ni mfupi, usiige zile picha za Ulaya ambako jioni inachukua masaa.

laptop_ya_mkopo

Kaka hayo yote kwa laptop yenye kadi ya GB 4? Yangu nikiweka nyasi tu inazima.

FundiMandhari

Unanakili kwa Shift+D? Hiyo inatengeneza jani jipya kila mara. Alt+D inatengeneza nakala inayotumia umbo lile lile, kumbukumbu inabeba shungi moja hata kama linaonekana mara laki. Kutawanya kwa Jiometri Nodi nako ni hivyo hivyo, ilimradi usiweke Realize Instances, inayogeuza kila nakala kuwa umbo kamili.

Halafu teksha. Teksha moja ya 4096 kwa 4096 ikifunguliwa inakula MB 64. Ya 8192 inakula MB 256. Weka kumi na sita za hiyo ya pili, kadi yako imekwisha kabla hujaweka jani hata moja. Jiwe la mbele lipe 4096, ya nyuma yote 1024, hakuna atakayeona. Teksha za bure, zisizo na masharti ya hakimiliki, zipo kwenye tovuti ya Poly Haven, pakua usiku kama una bando la usiku.

Kokoto

Na kuchukua jiwe halisi kwa simu?

FundiMandhari

Inawezekana, na kwa jiwe la mbele kabisa ndiyo njia ninayoipenda. Subiri siku ya mawingu ili kivuli kisigandie kwenye teksha. Zunguka jiwe ukipiga picha zinazoingiliana sana, kila sehemu ionekane kwenye picha kadhaa, mzunguko wa chini, wa kati, wa juu. Meshroom, programu ya kugeuza picha hizo kuwa umbo la 3D, ni ya bure, ila inataka kadi ya NVIDIA. Usipige jiwe lililolowa, mng'ao unaichanganya programu. Mjusi mwenye kichwa cha waridi akikaa juu ya jiwe, mfukuze kwanza.

mpanda_mlima_255

Mimi nafanya Kilimanjaro kwa ramani ya miinuko. Mlima unatoka na ngazi ngazi. Tatizo nini?

Mchimbachumvi

Faili lako ni la biti 8. Linabeba viwango 256 tu. Kutoka tambarare hadi kileleni pale Uhuru, mita 5,895, una tofauti ya kama mita 5,000, ukigawa kwa 256 kila ngazi ni mita 20 hivi. Tumia biti 16, viwango 65,536, ngazi inashuka chini ya sentimita 10.

nodi_za_usiku

Na kwenye nodi ya picha chagua Non-Color, la sivyo Blender inazipinda namba zako ikidhani ni rangi, miteremko inaharibika.

FundiMandhari

Sahihi wote wawili. Data za bure za miinuko za SRTM, zile zilizopimwa na chombo cha anga cha Endeavour kwa siku 11 Februari 2000, zina nukta moja kila mita 30. Kwa mlima wa mbali zinatosha na zinapita noizi yoyote, kwa sababu zina mabonde yaliyochimbwa na mito ya kweli. Mlima wa noizi tupu ni karatasi iliyokunjwa, haujawahi kunyeshewa. Lakini kwa mawe ya Mwanza SRTM haikusaidii, jabali la mita 10 linapotea katikati ya nukta mbili. Vilima vya nyuma vichukue huko, mawe ya mbele chonga mwenyewe.

laptop_ya_mkopo

Alt+D imefanya kazi, haijazima! Swali la mwisho: nataka video ya sekunde 10 kamera ikizunguka jiwe. Huku umeme unakatika bila taarifa.

FundiMandhari

Sekunde 10 kwa fremu 24 ni fremu 240. Kama kila moja inachukua dakika 4, hiyo ni saa 16, na umeme hautakusubiri. Usirende moja kwa moja kuwa video, faili la video likikatika katikati huenda ukapoteza lote. Toa PNG, fremu moja faili moja. Kwenye Output ondoa tiki ya Overwrite, weka tiki ya Placeholders. Umeme ukirudi, fungua folda, futa faili la mwisho kama lina ukubwa wa sifuri, bonyeza renda tena, itaendelea ilipoishia. Kuunganisha kuwa video ni dakika chache baadaye.

Na kabla ya hizo saa 16 renda fremu ya 1, ya 120 na ya 240 peke yake, uangalie ule ukanda wa kulowa kwa upande wa nyuma wa jiwe. Huko ndiko watu wanakosahau.